Msiba wa Kitabuni

Lukresia, nimefukuzwa kwenye kikundi cha vitabu. Kisa nimecheka!

Tulikuwa tunasoma riwaya ya mwandishi mmoja wa Aisilandi. Humo mzee amekufa, jirani anafika msibani, anamsema marehemu kwamba amekufa makusudi akwepe kukata majani ya kondoo. Nikacheka hadi machozi.

Mwalimu Remigi, kiongozi wa kikundi, akafunga kitabu. “Hii ni hekima nzito, dada. Msibani hakuna mzaha. Toka nje.”

Toka nje! Eti hekima nzito!

Remigi huyuhuyu, Mngoni wa kijiji cha Maposeni! Juzi tu tunamzika baba yake, mtani wao, kama ilivyo desturi, akalala kaburini, akamwambia marehemu asubiri zamu yake. Remigi alicheka mpaka akashikwa asianguke.

Kwa baba yake alicheka. Kwa mzungu wa kitabuni ndipo anakaa matanga.