Kadi ya Kowsar Kwenye Kopo Langu

Jumanne, 9 Februari 1993

Kowsar hakuja kazini. Fundi wangu wa kukata — hajakosa siku hata moja tangu Ramadhani iliyopita. Sare 140 za shule, na 96 bado ni vitambaa. Nilinuna mpaka saa tano, mama yake, Osob, alipoingia bila salamu. Viatu mkononi. Amekuja mbio.

Kowsar amekamatwa jana jioni soko la mifugo. Polisi wamezoa wanawake 31. Asiye na kadi ni mgeni, atapelekwa mpakani. Mgeni! Mtoto aliyezaliwa hapa hapa Garissa.

Nikauliza, kwani kadi yake iko wapi?

Osob akanitazama. "Mama Nthenya. Si iko kwako?"

Iko kwangu. Kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Ile ya rangi ya waridi, ya Wasomali peke yao. Mimi Mkamba natembea na kitambulisho kimoja, wao lazima viwili. Cherehani yangu moja hulala kwa Kowsar amalizie vifungo usiku, kwa hiyo kadi yake hulala kwangu. Watu wa bara wote wenye mafundi tunafanya hivyo. Sikuanzisha mimi.

Jumatano, 10 Februari

Nimempa Osob kadi aipeleke kituoni. Nikadhani yameisha. Saa nane amerudi nayo. Ofisa amemwambia kadi za kuazimana ameona nyingi. Aliyekuwa nayo aje mwenyewe, aandike kwa mkono wake kwa nini alikaa nayo.

Kwa mkono wangu! Kushika kitambulisho cha mtu ni kosa, nalijua hilo. Leseni yangu je? Zabuni ya sare? Nilifika hapa 1978 na mkasi na futi ya kupimia. Hakuna aliyenipa hata kigoda. Leo cherehani sita na mafundi saba. Niziweke zote juu ya karatasi moja ya polisi?

Nimemwambia Osob kesho. Akasema, "Kesho ya nyinyi ni siku ngapi?"

Ijumaa, 12 Februari

Sikwenda jana. Sikwenda leo.

Mzee Kithome amepita dukani. Anauza mabati na misumari, na ni mzee wa kanisa kama mimi. Amesikia. Yeye ana kadi nane za wapakiaji wake. Akaniambia, ukiandika yako, Mama, watakuja kuuliza zetu. Halafu akashusha sauti: umesahau Baba Nthenya alipigwa risasi na watu gani?

Sijasahau. 1982, barabara ya Mwingi, saa kumi jioni. Nimemwambia mwaka huo Kowsar alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa akiwinda watu na daftari la shule?

Akacheka. "Wewe na hesabu zako."

Nimejibu vizuri. Lakini bado sikwenda! Osob hupeleka chai kituoni asubuhi na jioni. Anasema Kowsar hajauliza chochote kunihusu. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 14 Februari

Mchungaji kasoma Torati, pale pa rehani. Ukichukua nguo ya maskini kuwa rehani, mrudishie kabla jua halijatua. Akaeleza mambo ya mablanketi na baridi ya Palestina. Watu wakaitikia Amina. Mimi nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya sadaka. Kadi ya Kowsar iko kwangu tangu tarehe 5 Machi 1990. Jua limetua mara 1,077.

Nikahesabu na viti. Wenye biashara sita. Kithome nane, mimi tatu, wa bucha mbili, wa hoteli tano, wa gereji nne, wa posho mill ya kusaga unga, moja. Kadi 23 za watu, ndani ya kanisa moja!

Wakati wa matangazo nikasimama. Nikasema tuzirudishe leo, kabla jua halijatua, na mimi kesho naenda kuandika. Mtu akakohoa. Mwenye hoteli akasema kwa sauti, "Na sufuria zangu zikihama, utanirudishia wewe?" Wakacheka. Kithome akasema tuombee jambo hili. Wakafunga macho. Nami nikafunga — sijui kwa nini.

Za mafundi wangu wawili wengine nimezirudisha jioni. Mmoja akaigeuza kadi mara mbili, akauliza, "Umenifukuza kazi?"

Jumatatu, 15 Februari

Kituoni saa tatu kamili. Nimeandika kurasa mbili, nimetia sahihi. Ofisa akapiga muhuri, akanirudishia kadi na nakala ya maelezo. Halafu, kama mtu anayekumbuka mwavuli: hao hawako tena hapa. Kumi na wawili walitolewa Ijumaa, ndugu zao walikuja na karatasi. Kumi na tisa wamepakiwa kwenye lori la Liboi, mpakani, saa moja asubuhi.

Ijumaa! Nilikuwa dukani nikibishana na Kithome.

Nimekodi pikapu ya Diriye. Osob katikati, mimi dirishani. Diriye anasema lori hukaa Dadaab kuchukua maji, mpaka saa saba hivi. Kilomita mia moja na hivi. Tukitoka saa nne tunalikuta.

Saa nne na nusu. Kizuizi cha barabarani, nje tu ya mji. Basi moja mbele yetu. Askari akapiga bodi: "Wasomali chini!" Diriye akashuka. Osob akashuka. Nimebaki peke yangu garini, kama kila safari ya miaka kumi na mitano.

Leo nimeshindwa kukaa. Nikashuka, nikasimama nyuma ya Osob. Sajini anayeandika kadi zao daftarini akauliza, mama, nani kakuita? Nikasema niko na wenzangu. Akanitazama hivi. Akafunga daftari, akaenda kukaa kivulini. "Basi, nikimaliza chai."

Mstari wote ukasimama. Dakika kumi. Ishirini. Mimi nasimama wima, moyo mweupe kama nimetoka kubatizwa!

Osob akageuka. Hakupaza sauti. "Mama Nthenya, wewe ingia gari. Bolisi nataka wewe kaa. Sasa hapa wewe nasimama kwa sababu ya nani? Ya Kowsar, au ya roho yako?"

Nimerudi garini. Sajini akacheka, akafungua daftari.

Saa tano na dakika tano. Naandika huku kadi iko pajani. Mbele ya Osob wako watu tisa. Jua kali, hana kitambaa cha kutosha kichwani. Nikishuka nimpe leso yangu, sajini atafunga daftari tena. Nimekaa.

Wamebaki wanane.