Upepo wa Miguu ya Wafu

Tŷ Isaf,
Porth Hesgen, Wales.
3 Agosti

Mpendwa binamu Nesta,

Habari za huko ng'ambo, Chubut? Goti lako limepata nafuu? Sisi huku wazima, ila mimi naona haya, na ugonjwa huo hauna dawa.

Umeuliza kijana wako Aldo akija kuteleza mawimbini ajiandae vipi. Aingie maji yakiwa yanajaa, ndipo mawimbi husimama vizuri. Avae nguo nzito ya mpira, maana bahari yetu haina huruma hata Agosti. Akae mbali na miamba ya kaskazini, mkondo wa pale huvuta. Gari asiegeshe mchangani. Kila mwaka bahari humeza la mgeni, nasi tukacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichoniponza.

Jumamosi mgeni mmoja, Colin, alikuja kununua chai kibandani kwangu, mkewe akijaza upepo godoro la kuelea. Akauliza, "Mama, upepo wa leo vipi?"

Nikamjibu, "Wa miguu ya wafu, bwana!"

Unaujua, ule wa mashariki. Bibi yetu akiuita hivyo kwa kuwa makaburini miguu yote huelekea huko. Hutoka nchi kavu, huilaza bahari ikaonekana shwari, kisha humsukuma mtu kilindini. Colin alidhani ni ushirikina. "Basi tutembee polepole, tusiwaamshe!" akasema. Mimi na dada Mair tukacheka hadi machozi. Sikumfafanulia. Nilimwambia Mair, "Acha wajifunze."

Chai yake haijapoa, mkewe juu ya godoro lake alishakuwa nukta baharini. Nikapiga simu. Mashua ya uokozi ilimkuta amekakamaa kwa baridi, hata jina lake hawezi kulitaja. Yu hai, Mungu ashukuriwe.

Jana Colin kaja na keki. "Bila wewe, mama, leo ningekuwa mgane." Akanikumbatia mbele ya watu. Nami nikaipokea, Nesta! Nikasema, "Usijali, mwanangu." Mair akatazama pembeni.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha; yangu anaijua Mair, na sasa wewe. Keki iko mezani, sijaigusa. Kesho wanaondoka. Nitairudisha asubuhi, nimwambie kwamba aliuliza vizuri, mimi ndiye niliyemcheka badala ya kumjibu. Naogopa uso wa mkewe kuliko wake.

Msalimie shangazi Tegwen na wajukuu. Mungu awatunze, awape upepo wa heri. Na umwambie Aldo: akiniuliza habari za upepo nikacheka, asiingie majini.

Wako akupendaye, japo leo hajipendi,
Gwenfair