Nguzo Kumi na Mbili za Koboko

Onduparaka, Arua
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mpendwa dada Hajara,

Leo saa nne asubuhi injinia Annet, anayekagua jengo la shule kule Koboko, amesema mtu yeyote asiingie humo mpaka Alhamisi. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza.

Sasa salamu. Assalam alaikum. Sisi ni wazima, kikohozi changu kimepungua. Je, goti lako? Shemeji Latifu ameacha kubeba magunia peke yake, au bado mbishi?

Uliniuliza kama kijana wako Siraji amejenga nyumba itakayoua watoto. Hakuna mtoto aliyeingia. Hilo nina hakika nalo, kwa kuwa aliyewazuia ni Siraji mwenyewe.

Kosa ni hili. Riyadh, alikofanya kazi miaka saba, walipima nguvu ya zege kwa kuponda kipande cha silinda, kirefu mara mbili ya upana wake. Hapa kwetu huponda mchemraba. Zege lile lile likiwa mchemraba huvumilia zaidi, maana ni fupi na nene, na namba yake hupanda kwa karibu robo. Siraji alipiga hesabu ya nguzo kwa 28 ya silinda, na kwenye mchoro akaandika 28 tu. Fundi mkuu Obeti akaponda michemraba kama siku zote. Ikatoa 29, 30 na 30, kumbe kwa mchemraba ilipaswa kufika 35; akaendelea kumwaga. Hakuna aliyedanganya. Lakini nguzo kumi na mbili na dari la kwanza sasa vimesimama kwa zege dhaifu kuliko lililokusudiwa.

Aligundua Jumatano iliyopita, akisoma kitabu cha kanuni za hapa kwa ajili ya usaili wa leseni yake. Alifanya hesabu ya mfano, jibu likakataa kufanana na la kitabu. Akarudia mara tatu. Kesho yake tulipanda gari ya Koboko pamoja.

Obeti alicheka kwanza. "Injinia, boksi zote za zege zilipita. Iko shida gani tena?"

"Zilipita kwa hesabu ya hapa. Mimi nilipiga ya kule."

Obeti akaacha kucheka.

Mzee Faruk, mwenyekiti wa wazazi, hakukubali. Alikuwa ameshaandikisha watoto themanini kuingia vyumba vya chini leo, siku ya kufungua shule. "Nyumba iko imesimama, wewe nasema itaanguka! Huko Arabuni walikufundisha kuogopa kazi yako?" Mafundi wakacheka.

"Mzee, imesimama kwa sababu iko tupu. Sijui itafanya nini ikibeba watu na ghorofa nyingine juu."

Mzee akamvuta pembeni, lakini nilisikia. "Mwanangu, nani anajua isipokuwa sisi tuliopo hapa? Nyamaza, yaishe."

 Siraji aliomba kufuli. Akafunga lango, ufunguo akampa Mzee Faruk mwenyewe. Kisha akaketi juu ya mfuko wa saruji akaandika ukurasa mmoja kwa injinia Annet: nilikosea hivi, nguzo zipo hivi. Akatia jina na sahihi. Nimeusoma. Hakumtaja Obeti kwa ubaya hata mara moja.

Leo Annet amefika Koboko, nasi tukiwepo, na mashine ya kutoboa, akakata vipande sita kutoka kwenye nguzo. Vitapondwa maabara hapa Arua. Wastani ukifika 24, kiwango cha chini kanuni inachoruhusu kwa vipande vya kukatwa, nguzo zitabaki na kazi itaendelea. Ukishuka, jengo litabomolewa, na Annet amesema wazi kwamba leseni anayoiomba Siraji nayo itakuwa imekwenda.

Nilimuuliza Siraji anatarajia ngapi. Akasema 24, ikiwa hakuna aliyeongeza maji kwenye zege. Nikamuuliza Obeti. Akasema nguzo mbili za upande wa barabara zilimwagwa siku ya mvua. Annet alisikia. Vipande viwili kati ya sita ametoa humo.

Kwa hiyo sikwambii itakuwa salama, dada. Sijui. Siraji anakula, usingizi hana. Ukimpigia simu usimhoji. Msalimie tu, mwambie habari za huko kwenu Kibera.

Wasalimie shemeji, Faridah na wanawe, na Zuhurah ukimwona msikitini. Mke wangu anasema kitambaa ulichotuma kilifika na kimetosha.

Mungu akupe moyo mtulivu mpaka Alhamisi tarehe 18, saa tatu asubuhi, kipande cha kwanza kitakapowekwa kwenye mashine. Siraji ameomba akiweke kwa mkono wake. Annet amekubali.

Mdogo wako akupendaye,
Lukumani