Mto Usio na Jina

Jumapili, 3 Agosti 1975. Kinama.

Mwaka wa kumi na tano tangu nitoke Uvira, ng'ambo ya mpaka. Misa, chai, kisha kazi yangu ya Jumapili: kutunga. Safari hii ni maneno ya kumtoa Neema, binti yangu, siku ya arusi yake. Kwetu baba hamtoi mwali bila kutaja maji aliyoogeshwa kwanza. Ya Neema ni ya mto Kalimabenge. Mstari wa kwanza umekaa vizuri. Wa pili bado.

Jumatano, 6 Agosti

Deo, mchumba wake, alileta gazeti la Kifaransa. Anafundisha hesabu, mwalimu mwenzake Mzungu ndiye aliyempa. Ndani mna shairi lililotungwa na mashine. Ordinateri, anaiita. Wanailisha maneno, nayo inayapanga. Deo amelitia katika Kiswahili alisome arusini. Neema alilisikiliza akiwa na unga mikononi. Machozi. Kwa maneno yangu hajawahi kulia.

Deo anasema siku zijazo mashine hizo zitawatungia watu wote, kwa lugha zote, hata maneno ya matanga. "Mzee, utapumuzika," akasema. Alidhani ananipa habari njema.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelisoma kwa jicho baya, nikitafuta kosa. Linasema juu ya mto unaoijua njia yake bila kuuliza. Mto gani? Halisemi. Chuma hakijawahi kuchota maji. Lakini mstari ni mzuri. Ningetaka uwe wangu. Mvi zote hizi, nami nauonea wivu mtambo usiojua kama nipo.

Nilimwambia Neema achague: maneno yangu au ya mashine.

"Baba, apana nichagulishe. Yote mbili."

Nilirudi kwenye mstari wangu wa pili. Sikula.

Jumamosi, 16 Agosti

Arusi imekwisha.

Nilisema yangu kwanza. Nikamsifu Kalimabenge aliyempokea mwanangu, akamwogesha, akamwimbia hadi akalala. Wakwe, watu wa Carama hapa jirani, wasioujua mto wetu, wakanong'onezana. Mjomba wa Deo akasimama na chupa ya bia.

"Huyu mzee Kalimabenge ameketi wapi? Mutu amelea bibi-arusi wetu hivi, na hatujamupa kitu?"

Wakaanza kumtafuta. Shangazi mmoja akasema labda mzee ametoka kidogo, ni umri. Watu wa Uvira walicheka hadi wakashika mbavu. Kosa ni langu: niliuimba mto kama mtu.

Kisha Deo akasoma la mashine. Mjomba yuleyule akafuta macho. Baadaye aliniambia aliuona mto Ntahangwa wa utoto wake. Jirani yangu aliuona Ruzizi. Kila mtu alimimina mto wake katika nafasi ile tupu.

Nami niliusikia Kalimabenge. Wazi kuliko katika maneno yangu mwenyewe. Hilo siwezi kulisamehe.

Jumatatu, 18 Agosti

Neema alikuja na Deo kuchukua sufuria zake. Akauliza Kalimabenge ulikuwa mpana kiasi gani. Alitoka huko akiwa mgongoni mwa mama yake, haukumbuki. Nikamwambia: kiangazi unavuka kwa miguu, masika usijaribu. Akauliza kuhusu mawe yake. Nikamwambia. Hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaondoka na mumewe.

Mashine bado naionea wivu.

Njia ya Uvira iko wazi siku hizi. Dada yangu ametuma salamu, chumba kipo. Lakini anayeniuliza habari za mto anakaa Carama sasa, kwa mumewe. Sitarudi.