Herufi Moja, Punje Tano

Jumatano, jioni. Tangu asubuhi ukungu haujanyanyuka hapa Malindi, yetu ya milimani, si ile ya baharini. Vidole vimekufa ganzi, hata kuandika kwenye simu ni taabu. Lakini nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Nianze mbali kidogo.

Zaina, mwanangu wa kwanza, yuko Kidato cha Kwanza. Darasa la saba alifaulu vizuri, tukachinja kuku. Kisha akaingia sekondari akakuta masomo yote yamegeuka Kiingereza, hata lile la mimea, na mimea yenyewe ni ile anayoipalilia tangu akiwa mdogo. Mtoto aliyekuwa anaongea mpaka namwomba apumzike akawa bubu. Darasani akiulizwa anasimama, anaangalia sakafu, anakaa.

Mwezi wa nne akanifuata kwenye cherehani. Akasema, "Mama, mimi basi. Nifundishe kushona."

Nilitaka kufoka. Badala yake nikamwekea sharti: avumilie mpaka kikao cha wazazi. Kikao kikipita na bado hataki shule, nitamfundisha kushona na sitamsimanga. Nilitoa ahadi hiyo huku naomba nisije nikalazimika kuitimiza.

Kikao kilikuwa leo, darasani kwao, na watoto wenyewe wakiwepo.

Hapo katikati tulijitungia mchezo, wa kuchezwa jioni tukichambua maharage. Mmoja anataja herufi na idadi, mathalani S na tano, na kila mtu anatafuta neno la Kiingereza linaloanza na S lenye herufi tano. Ukilipata unalipangia punje za maharage, moja kwa kila herufi. Punje zikizidi au zikipungua, umetoka. Kiingereza changu mimi kiliishia shule ya msingi, na kingine nimekiokota kwenye vitabu vya mishono, kwa hiyo tuliazima kamusi kwa jirani.

Refa ni Bibi, mama mzazi wa mume wangu. Kiingereza hajui hata chembe, na Kiswahili anakitoa akitaka kukemea tu, mengine yote ni Kishambaa. Siku ya kwanza tu akaongeza sheria yake: neno halihesabiwi mpaka ulifanye. Zaina akasema sweep. Bibi akauliza ni nini hicho, akaambiwa kufagia, akamnyooshea fagio. Siku ya W Zaina akajichongea mwenyewe kwa kusema water, akatumwa maji, na mimi nilipomcheka nikapewa ndoo ya pili. Kusema kweli, katika mchezo huu mshindi wa kila siku ni Bibi. Nyumba haijawahi kuwa safi hivi.

Na mimi sipendi kushindwa. Wateja wangu wasisome hapa: kuna magauni yamechelewa kwa sababu nilikuwa nimeficha kamusi chini ya kitambaa, natafuta maneno ya kumshindia mtoto wangu mwenyewe.

Nyumbani Zaina akarudi kuwa Zaina. Anabisha, anadai punje zihesabiwe upya, anamsingizia Bibi kwamba ananipendelea. Nikajua tumepona. Kumbe wapi. Juzi nilikutana na mwalimu wake wa Kiingereza gengeni, binti mdogo tu, akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akasema, "Zaina anaandika vizuri sana siku hizi. Ila sauti yake bado siijui."

Sikulala vizuri. Lakini nilikuwa nimemweleza mwalimu mchezo wetu palepale gengeni, pamoja na sheria ya Bibi, akacheka, akaniuliza mara mbili unavyochezwa.

Basi leo, baada ya habari za michango na uji wa wanafunzi, mwalimu akasimama mbele, akasema kabla hatujatawanyika Kidato cha Kwanza watashindana na wazazi wao. Akaandika S ubaoni, akachora vistari vitano. Akaeleza na sheria: neno lifanywe.

Wazazi wote tukawa tunaangalia viatu. Watoto nao vilevile. Nilimwona Zaina kwenye dawati la dirishani, kichwa chini. Nikajua jibu la leo ni cherehani.

Ningependa kuandika kwamba nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa ajili yake. Si kweli. Nilikuwa nimepata neno, na mimi nikiwa na neno siwezi kukaa nalo.

Nikasimama. "Skirt," nikasema, nikaishika sketi yangu na kuitikisa kidogo. Wanaume wa nyuma wakacheka. Mwalimu akahesabu, tano, akawaandikia wazazi alama.

Zaina akainua kichwa. Ule uso naujua, ni ule wa kudai punje zihesabiwe upya. Akasimama taratibu, akashika kola ya shati lake la shule.

"Shirt."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika. Wenzake wakapiga makofi. Nikamjibu sleep, nikamlalia begani Mama Rukia, jirani yangu wa benchi, ambaye hakutegemea. Zaina akajibu sweep, akafagia hewa mpaka mlangoni. Nikasema smile, nikatabasamu. Akasema shout, na sheria ni sheria, akapiga kelele moja iliyomwamsha mzee aliyekuwa anasinzia kwenye kona. Mtoto ambaye mwalimu hajawahi kusikia sauti yake.

Hapo damu ilishanichemka. Nikasema, "School!" Darasa zima likahesabu kwa vidole, kwa sauti, likafika sita. Nimetolewa mchezoni kwa neno shule, nikiwa shuleni.

Walivyocheka, mpaka mkuu wa shule alitoa kitambaa akafuta macho.

Mwalimu akamwambia Zaina, kwa Kiingereza, mshindi aseme sentensi moja. Akaishika tena kola yake. Nikaushika mkono wa Mama Rukia mpaka akalalamika.

"My mother does not like to lose," akasema Zaina.

Yote, bila kukatika. Mama Rukia akaniuliza mtoto kasemaje. Nikamwambia anasema mama yake hapendi kushindwa. Akasema hilo hata yeye analijua, bila Kiingereza.

Njia nzima ya kurudi nilisubiri alete habari ya ahadi yetu. Hakuileta, maana hakunyamaza. Ameongea kuhusu mwalimu, kuhusu wenzake waliotaka afundishe sheria zote, kuhusu lile neno langu la aibu. Tulipofika akamsimulia Bibi upya kwa Kishambaa, akaniigiza nilivyohesabiwa, na Bibi akaacha kupepeta akamsikiliza mpaka mwisho.

Mwishowe nikashindwa kuvumilia, nikauliza mwenyewe. "Na kushona je?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la mwaka jana. "Nifundishe Jumamosi, Mama. Siku nyingine nina shule."

Nilitoka nje kuchukua kuni ambazo hatukuzihitaji. Nililia kidogo huko, nikafuta uso na kanga, nikarudi.

Nimempigia baba yake, aliye kazini Korogwe, nikamwambia leo nimeshindwa mbele ya wazazi wote. Akaanza kunipa pole. Nikamwambia hiyo pole akae nayo, sijawahi kushindwa vizuri namna hii.

Sasa Zaina amelala katikati ya sentensi. Sare yake imelowa ukungu, nimeianika karibu na jiko ili ikauke. Anaihitaji asubuhi.