Wembe Wako na Kichwa cha Bibi

Baba, shikamoo.

Najua hutaitika marahaba, lakini kuanza barua bila kukuamkia nimeshindwa. Ni miezi miwili sasa tangu tukuzike hapa nyumbani Kikwe, pembeni ya migomba, na nina mambo ya kukuambia kuhusu wembe wako. Mengine yatakuudhi. Nakuomba usikilize hadi mwisho kabla ya kununa.

Siku ya kuanua matanga tulinyolewa wote, kama desturi yetu ilivyo. Kaka Joshua alileta nyembe za dukani, kila mtu na wake, tukanyolewa mmoja mmoja pale uani. Ilipofika zamu ya Bibi, mama yako, akakataa. Alisema, "Kichwa changu kinanyolewa na wembe wa mwanangu. Mkiniletea huo nitatoka msibani. Mkishindwa, niacheni." Basi hakutoka. Godoro lake likabaki sebuleni, kanisani haendi, loshoro anayoipenda, ya mahindi na maziwa mgando, haigusi, na kila mgeni akija anakuta nyumba bado ina msiba.

Wa kuushughulikia alikuwa Joshua, maana ndiye uliyemfundisha. Lakini tangu afungue saluni yake mjini hajashika wembe wa kukunja. Ana mashine za umeme, na huo wako anauita wa makumbusho. Akaondoka, wembe ukabaki kwenye boksi lake ukiwa butu, maana miezi yote ya kuugua kwako hukuugusa. Nikajisemea, mimi ni fundi cherehani, mikasi yangu nanoa mwenyewe, wembe utanishinda nini?

Ulinishinda, Baba. Niliupeleka kwenye lile jiwe la nyuma ya jiko tunalonolea panga. Nikamwagia maji, nikauinamisha vile ninavyoinamisha panga la kukatia majani ya ng'ombe, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Nilipouinua kwenye mwanga, makali yalikuwa na mapengo mawili, moja ukucha unaingia. Nililia palepale, nimekaa chini kwenye majivu. Kisha nikaufunga kwenye kitambaa nikauficha kabatini, na Bibi aliponiuliza nikamjibu kwamba bado nauandaa. Nilimdanganya mama yako akiwa msibani.

Na wewe pia nilikukasirikia. Kila Jumamosi mimi ndiye niliyeshika beseni ulipowanyoa wazee kwenye kibanda chako cha kinyozi kule Maji ya Chai. Nilijua taulo lipi ni la nani. Siku niliyokuomba unifundishe ulicheka, ukasema, "Hii siyo kazi ya mtoto wa kike, utajikata." Ukamwita Joshua, aliyekuwa anapiga miayo. Ungenifundisha siku ile, mapengo yale yasingekuwepo. Nimeona nikuambie, maana ulipokuwa hai sikuthubutu.

Nilipomaliza kukasirika nikaanza upya. Seremala mmoja wa Usa River aliniazima jiwe lake la kunolea patasi, lile lenye upande wa kukwaruza na upande laini. Ndiye aliyenionyesha kosa langu. Wembe hauinamishwi kama panga; unalazwa kabisa, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe, unausukuma makali yakitangulia, na ukifika mwisho unaugeuzia mgongoni. Kuyaondoa mapengo peke yake kulinichukua wiki mbili, kila jioni nikitoka kwenye cherehani. Nikahamia kwenye mkanda wako wa ngozi, nikafanya vilevile, makali mbele, nikaukata mkanda katikati. Kumbe kwenye ngozi mgongo ndio unaotangulia. Nisamehe huo mkanda. Fundi viatu amenikatia ngozi nyingine ya ng'ombe, nimeifunga kwenye kitasa cha mlango wa stoo.

Kilichonitesa zaidi ni mkono. Nimezoea jembe na panga, mkono wangu unajua kukandamiza tu. Ndipo nikakumbuka maneno uliyokuwa ukimwambia Joshua, "Wembe una uzito wake, wewe usiuongezee." Ulikuwa unamwambia yeye, nikasikia mimi na beseni langu. Nililegeza mkono, na sauti ya jiwe ikabadilika siku ileile.

Wembe ulipoanza kukata nywele za mkononi bila kuzivuta, nikanunua maputo ya kujifunzia badala ya kichwa cha mtu, nikawa nayapaka povu la sabuni na kuyanyoa. La kwanza likapasuka. La pili likapasuka. Bibi akauliza kutoka sebuleni ni nani anapiga bastola kwenye nyumba ya msiba. La sita nililimaliza likiwa zima, nikalibeba na kulizungusha uani peke yangu kama nimepata mtoto. Nikaufuta wembe, nikaukausha vizuri, nikaupaka tone la mafuta ya cherehani usishike kutu.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilimtoa Bibi uani, nikamkalisha kwenye kigoda na kumlowesha kichwa kwa maji ya moto na sabuni. Wembe nilikuwa nimeshaupitisha kwenye spiriti. Kabla sijaanza nilimwambia yote: jiwe la panga, mapengo, na uongo wangu. Aliinamisha kichwa ninyoe. Nikanyoa kutoka utosini kushuka kisogoni, nikiivuta ngozi kwa kidole kama ulivyokuwa ukifanya. Nywele zake nyeupe zikaangukia kwenye khanga, na damu haikutoka hata tone. Mikono yangu ilitulia, Baba.

Bibi akajipapasa kichwa kizima, taratibu, mpaka nyuma ya masikio. Halafu akasema, "Siku ile ya jiwe la panga nilikusikia. Wembe haulii vile kwenye jiwe. Ningekubali wa dukani kesho yake, wewe ungeuacha huo kabatini mpaka uzeeke."

Wiki zote zile alikaa msibani kwa ajili yangu. Mimi nikidhani ni ukaidi wa uzee. Nikamshika mabega. Yeye akaomba loshoro, akala bakuli zima, akataka godoro likunjwe. Jana amekwenda kanisani kwa miguu yake.

Pumzika, Baba. Hasira yangu imekwisha, au iliyobaki ni kidogo. Nakuahidi jambo moja: mtoto yeyote wa nyumba hii atakayeniambia nimfundishe, wa kike au wa kiume, sitacheka. Nitamwambia aweke beseni chini, asogee karibu aone.

Mwanao,
Elinami