Volkano Isiyo na Koo

Jumatatu, 6 Oktoba
Wamenipa sayansi ya darasa la nne! Mimi, mwalimu wa chekechea, wa kuimbisha na kufuta makamasi. Mwalimu wao anaumwa. Mkuu wa shule hakunificha: Ijumaa atakaa nyuma anitazame, ndipo aamue kama nabaki nao au narudi chekechea. Mada — volkano. Nataka kubaki. Nataka sana.

Jumanne, 7 Oktoba
Tumefinyanga volkano. Udongo hadi kwenye nyusi! Ubaoni nimewachorea: chemba ya magma, ule mwamba ulioyeyuka, chini, bomba katikati, kreta juu, na magma ikishatoka nje ndiyo lava. Wameitikia bila kukosea. Kichwa kimenivimba.

Jumatano, 8 Oktoba
Aibu! Tumemimina magadi na siki — povu kidogo kwenye kreta, basi. Chini kumeziba. Wamejenga mlima mzuri, udongo mtupu hadi kitako. Sehemu zote wanazitaja, hakuna aliyezijenga. Na mimi nilisimama pale pale nikisifia! Mume wangu amecheka hadi kushika mbavu, eti hicho ni kichuguu. Nimemnunia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nilitaka kuuficha ule mlima. Chiriku, yule binti asiyefunga mdomo, akasema, "Mwalimu, tuupasue tuone ndani." Ndani ulikuwa bado mbichi. Nimeazima msumeno kwa mlinzi, tumeukata katikati. Wakachimba chemba kwa vijiko, wakapandisha bomba, wakatoboa na njia ya pembeni ambayo sikuwaambia, wakapaka rangi nyekundu. Halafu wakaanza kubishana magma inakoma wapi na lava inaanzia wapi. Nilikaa kando nikiwasikiliza. Najivunia hawa watoto, nasema wazi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Naandikia hapa hapa darasani. Mkuu alikaa nyuma, uso mkavu. Watoto wakaanza na kosa lao — wenyewe, bila kutumwa! Chiriku akaongeza kwamba hata mwalimu hakuona. Mkuu akaandika kitu. Nikajua nimekwisha.

Kisha akainuka, akauliza magma inakuwa lava wapi. Wakamjibu, wakamtaka naye aonyeshe. Kengele imeshalia, hakuna aliyetoka kucheza. Kuhusu mimi hajasema neno. Amekunja mikono ya shati, ameinama, kidole chake kinapanda bomba taratibu, na Chiriku amemshika kiwiko:

"Bado, Mwalimu Mkuu. Hapo bado magma. Endelea kupanda —"